Askari Aliyeshika Suruali

Jina la Koleo hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja, na wala si kwa sababu ya vifaa vilivyopangwa mbele yake. Mtu akimkosea, hata kwa neno moja tu, alilibana neno lile na hakuliachia tena. Dada wa duka la vitambaa lililotazamana na kibanda chake aliwahi kumtania kwamba ananuka gundi. Tangu siku hiyo Koleo alimpita kila asubuhi kama anayepita nguzo ya umeme. Yule dada akaolewa, akazaa, akahamia mtaa mwingine, salamu ya Koleo hajaiona.

Alikuwa fundi wa miwani. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, mahali ambapo dari ilishuka mshazari, hata mteja mrefu akalazimika kuinama kana kwamba amekuja kuomba msamaha. Koleo aliipenda hali hiyo. Kwa maoni yake wateja wote walikuwa waongo. Hakuna aliyekubali kwamba ameikalia miwani yake mwenyewe. "Ilikuwa mezani, fundi, nikasikia tu kah!" Koleo aliigeuza ile fremu, akaitazama kwa jicho moja, kisha akauliza, "Kwani meza yako ina makalio?" Wateja walinuna, wengine walitukana, lakini walirudi. Bawaba akiikaza Koleo ilikuwa imekazwa.

Kwenye vita vya mezani aliingizwa na mteja. Mwalimu mmoja wa jiografia, mpole, mwenye miwani mizito kama vitako vya chupa, alimletea siku moja kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya chooni. Koleo alikifungua akakuta askari wa plastiki, mrefu kama kidole cha shahada, amekatika mkono wa upanga.

"Nimejaribu gundi mara nyingi," Mwalimu alisema. "Unadondoka tu."

"Gundi peke yake ni ujinga," Koleo alimjibu. Akachukua drili ya mkono, ile nyembamba kama kalamu anayotobolea matundu ya skrubu za miwani, akatoboa bega, akatoboa na mkono, akapitisha kipande cha waya katikati, ndipo akatia gundi. Mwalimu aliupima mkono kwa kuutikisa, akacheka kama mtoto. Akamweleza kwamba kila Jumamosi mchana yeye na wenzake hukutana katika chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya shule, wakapanga majeshi kwenye meza kubwa, wakapima mwendo wa askari kwa futikamba na kuamua nani afe kwa dadu. Koleo alisema huo ni upuuzi wa watu wazima. Jumamosi iliyofuata alikuwepo.

Hakuvutiwa sana na vita. Alivutiwa na kugeuza. Askari wa kwenye maboksi hutoka wamefanana, mkono ule ule juu, mdomo ule ule wazi, na Koleo hakuweza kuwavumilia. Aliwakata viuno kwa wembe na kuwazungusha wageuke nyuma. Aliwabadilisha vichwa, akawapinda magoti kwa moto wa mshumaa, akawafinyangia makoti, vibeti na bendeji kwa ule udongo unaokuja vipande viwili, cha njano na cha buluu, ambavyo ukivikanda pamoja vinakuwa kijani na kukauka vigumu kama jino. Katika jeshi lake hapakuwa na askari wawili waliofanana. Mmoja alifungwa kitambaa shavuni kwa maumivu ya jino. Mpishi alikwenda vitani na mfuniko wa sufuria badala ya ngao. Farasi mmoja alikuwa ametulia katikati ya mapambano akijikuna tumbo kwa kwato. Wachezaji wengine waliinama juu ya jeshi hilo kwa heshima, mikono wameiweka nyuma, maana Koleo alikwisha kuwatangazia: "Mtazame kwa macho. Macho hayana vidole."

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na vidole.

Mtu huyo alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, msimamizi wa ghala la saruji. Walimwita Kipaza, kwa sababu akizungumza ndani ya ghala madereva waliokuwa nje getini waliitikia. Kipaza alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye pengo la meno ya mbele na masikio yaliyosimama kama vishikio vya kikombe. Dada yake alipotaka kuolewa na Koleo, yeye ndiye aliyesimama mbele ya familia nzima akauliza, "Huyu wa chini ya ngazi?" Watu walicheka. Ndoa ilifungwa, mtoto alizaliwa, binti waliyemwita Kipusa ambaye sasa alikuwa chuoni mji mwingine, na neno lile bado lilikuwa limebanwa palepale lilipobanwa.

Mama Kipusa alikuwa msusi. Alisimama kutwa saluni, akirudi nyumbani vidole vimechoka na masikio yamechoka kusikiliza ndoa za watu. Alimpenda mumewe na alimpenda kaka yake, na kwa hiyo kila Jumapili alifanya ukaidi wa kuwakalisha meza moja. "Mtakula kwangu, mtatazamana," alisema. "Mkitaka kuuana, mtasubiri nimalize kuosha vyombo."

Ilikuwa ni yeye, bila kukusudia, aliyemtia Kipaza katika mchezo. Jumamosi moja alimtuma akamwite mumewe, Kipaza akaingia kile chumba cha nyuma, akaona meza, vilima vya sponji, madaraja ya vijiti, akasahau alichotumwa. Wiki ile ile akanunua jeshi zima kwa mpigo, limeshapakwa rangi na mtu mwingine, limepangwa ndani ya sanduku la bati kama mayai. Hakugeuza hata kofia. Halafu, jambo lililomuua Koleo kabisa, akaanza kushinda.

Alikuwa na bahati ya dadu na ulimi wa kuitangaza. "Nani tena? Wewe! Lala chini!" Akimwangusha askari wa Koleo hakungoja mwenyewe amwondoe. Alimnyanyua kwa vidole vinene, kwa kichwa, kwa mkuki, popote alipopashika.

"Shemeji, shika chini," Koleo alimwambia, meno yamekutana. "Mshike kwenye kitako."

"Ah, shemeji nawe. Kiplastiki hiki."

"Nimesema shika chini."

"Nimeshika, nimeshika. Mbona unakunja uso hivyo, kama nimekushika wewe pua?" Chumba kizima kikacheka, hata Mwalimu, aliyejaribu kuugeuza mcheko wake uwe kikohozi.

Mambo yaliharibika siku ya mpiga tarumbeta. Koleo alikuwa ametumia majuma mengi juu ya askari yule. Tarumbeta ilitokana na pini ya bawaba, mashavu yalivimba kwa pumzi, na shingoni palikuwa na mshipa uliosimama, mwembamba kuliko uzi. Kipaza, akishangilia dadu, alirudisha kiwiko nyuma. Askari akaruka ukingoni mwa meza, na Kipaza, akijaribu kuona ni nini kimeanguka, akamkanyaga.

Aliinua kiatu. "Lo! Pole, shemeji." Akaokota vipande, akavimimina kiganjani mwa Koleo kama chenji. "Gundi si unayo? Wewe tena, fundi wa chini ya ngazi."

Labda hakumaanisha kitu.  Koleo alivifunga vipande kwenye leso, akapanga jeshi lake ndani ya sanduku, mmoja mmoja, akaondoka mchezo ukiwa katikati. 

Haikupita muda mrefu Mwalimu, ambaye ndiye aliyekuwa akipanga mapambano, alipita kibandani. Alikuwa na wazo: katikati ya meza awepo mfungwa mtoro, na kila jeshi lijaribu kumkamata na kumburuta upande wake. "Mtoro huyo hakuna wa kumtengeneza ila wewe," Mwalimu alisema, akidhani analeta asali ya kumpoza mtu.

Koleo aliendelea kukaza skrubu. "Awe wa namna gani?"

"Namna yoyote utakayopenda."

"Nitampenda sana," Koleo alisema.

Alianza na mfanyabiashara mnene aliyekuwa akikaa bure kwenye kopo la mabaki. Akamkata miguu yote miwili, akampa mingine ya askari anayekimbia, akaipinda ili mmoja uelee hewani. Akamwongezea tumbo, tabaka juu ya tabaka, akililainisha kwa kidole kilicholowa mate. Kichwa kilikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi. Alivaa miwani yake ya kukuzia na kuchonga kwa sindano: masikio ya vishikio vya kikombe, shavu nene, mdomo wazi, na ndani ya mdomo huo pengo. Jumapili mezani alikula kidogo na kumtazama shemeji yake mno. Kipaza akashuku. "Dada, mumeo ananipenda leo, ananitazama kama posa." Koleo akatabasamu. Alikuwa akipima umbali wa sikio na jicho.

Usiku alikwenda zake kulala kama kawaida, na jioni nyingine akaendelea. Sehemu za chini ya uso zilikuja zenyewe, hakuhitaji kutazama mtu. Mguu mmoja akauvua kiatu, akaufunga vitambaa. Mkono wa kushoto akaushusha kiunoni, ukikamata suruali inayotaka kuanguka. Shingo akaiinamisha mbele kidogo, kama ya mtu anayesikia anaitwa nyuma na hataki kugeuka. Alipoitazama kazi yake yote kwa pamoja alicheka, kicheko cha sauti, peke yake, mabega yakatikisika.

Mama Kipusa alisikia akiwa jikoni. Ilikuwa miaka hajasikia kicheko kile. Alikuja mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, mwenyewe keshaanza kutabasamu. "Kuna nini, Baba Kipusa? Nichekeshe na mimi."

Koleo alifunika kisanamu kwa kikombe. "Mambo ya mchezo tu. Hutayaelewa."

"Haya," alisema mkewe, lakini hakuudhika. Akarudi jikoni akiimba kidogo. Alifikiri labda nyumba yake inaanza kupata hewa.

Jumamosi ilipofika Koleo aliwahi. Aliweka mtoro katikati ya meza, juu ya kilima cha sponji, akasimama kando mikono kifuani. Wa kwanza kuinama alikuwa kijana wa duka la simu. Alitazama, akaziba mdomo. Akamvuta mwenzake. Mwenzake akapiga kelele, "Mungu wangu! Hata pengo!" Baada ya hapo ilikuwa vurugu ya vicheko. Mmoja alikimbia kuzunguka meza ameshika suruali. Mwalimu alivua miwani akafuta machozi, kisha akaona anayeingia mlangoni, akaivaa tena upesi.

"Mnacheka nini? Niambieni nami," Kipaza alisema, tayari anacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kuuliza baadaye. Akasogea. Akamnyanyua mtoro, na safari hii, sijui kwa nini, alimshika chini, kwenye kitako, taratibu.

Koleo alikuwa amejiandaa. Alijua atakachojibu akitukanwa, alijua atakachojibu akisukumwa. Alikwisha kuvua hata saa yake.

Kipaza alimtazama yule mtu mdogo kwa muda mrefu. Uso wake ulianza na mshangao, ukaelekea hasira, halafu ukapita hasira na kwenda mahali pengine. Alimgeuza amwone ubavuni. Alimgeuza amwone mgongoni. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, na wale waliokuwa karibu waliona jinsi zile nyuso mbili zilivyofanana, kubwa na ndogo, lakini hakuna aliyecheka tena.

"Wewe ni mshenzi," alisema, kwa sauti ya chini ambayo hawakujua kama anayo. Akamtia mtoro kwenye mfuko wa shati, akatoka. Jeshi lake lote akaliacha kwenye sanduku la bati, mfuniko wazi.

"Sasa mbona anaondoka?" Koleo aliuliza chumba. "Utani anaujua yeye tu? Si yeye anayechekesha watu kila wiki?"

 Mwalimu alisema labda leo wasicheze. Koleo akamwambia kwamba mwoga ni mwoga tu, iwe darasani au mezani, akachukua sanduku lake. Njiani alijisemea kwamba ameshinda. Alijisemea tena na tena, na kila mara ushindi ulikuwa na ladha ya sarafu mdomoni.

Nyumbani mlango ulikuwa haujafungwa. Mama Kipusa alikuwa ameketi mezani, hajavua nguo za saluni, na mbele yake, juu ya kisahani, alisimama mtoro.

"Kaka alipita," alisema.

"Najua. Kuja kushtaki ndiyo kazi yake."

"Hakushtaki. Amekiweka hapa, akalia, akaondoka." Akasukuma kisahani kwa kidole kimoja. "Huyu ni nani?"

"Si unamwona? Kaka yako. Alinivunjia kazi yangu, akanitukana mbele ya watu. Nimemrudishia."

"Nimekuuliza huyu ni nani."

"Nimekwisha kujibu."

"Kaka anavaa mkanda," Mama Kipusa alisema. "Mkanda na ukanda wa mabegani juu yake, kama anaogopa dunia itamvua. Tangu umjue, umemwona lini kaka ameshika suruali kwa mkono?"

Koleo aliinama akamtazama mtoro. 

"Na mguu wa vitambaa. Kaka ana mguu wa vitambaa?"

Hapo ndipo naye alipomwona. Alimwona kama mtu anavyoona sura kwenye doa la ukutani, ambayo ikishaonekana haifutiki. Alikuwa baba mkwe wake. Mzee, mwaka wake wa mwisho, tumbo limejaa maji, mguu mmoja umevimba haukubali kiatu, alipotoroka wodini mchana kweupe akitaka kwenda kwake. Suruali ya hospitali ilikuwa imekatika kamba. Alikimbia koridoni, kama ule mwendo waweza kuitwa kukimbia, ameishika kwa mkono wa kushoto, wagonjwa na wauguzi wakimwita, naye hageuki. Koleo ndiye aliyekuwa na zamu ya kumwangalia siku ile. Koleo ndiye aliyemfikia mbele ya dirisha la dawa, akamkumbatia kwa nyuma, akambeba mwili mzima kumrudisha kitandani, huku mzee akimpiga makonde ya mikono yasiyo na nguvu. Wauguzi ndio waliowasimulia watoto wake.

Hakuwa amelifikiria jambo lile tangu mazishi. Lakini vidole vyake havikumuuliza.

"Sikukusudia," alisema.

"Najua hukukusudia. Ungekusudia ningejua la kukufanya." Mama Kipusa alisimama. "Umemweka baba yangu juu ya meza, watu wakamcheka. Mmoja alikimbia ameshika suruali, kaka alimwona alipofika mlangoni, ndilo pekee aliloniambia. Na wewe ulikuwa ukicheka humu ndani. Nilikusikia. Nikafurahi, mimi mjinga, nikafurahi."

"Mke wangu, mimi nilimchonga kaka yako—"

"Usiniite mke wangu leo."

Akachukua kisahani na mtu wake, akaingia chumba cha Kipusa, akafunga kwa komeo.

Maisha ya nyumba ile yakawa ya watu wawili waliopanga chumba kimoja kwa makosa. Chai iliwekwa mezani, kikombe hakikuwekwa. Shati lililofuliwa lilirudishwa kwake likiwa limekunjwa vizuri, kola imegeuzwa ndani. Akiuliza swali alijibiwa na redio. Koleo naye, badala ya kunyenyekea, alijikaza. Kibandani alikuwa moto. Mzee mmoja alimletea miwani iliyokatika pua na kusema ilianguka, Koleo akamrushia tena. "Nenda kaiulize ilianguka wapi." Wateja wakaanza kuinama chini ya ngazi, wakimwona uso, wakanyooka na kwenda zao.

Jumapili Kipaza alikuja. Hakuketi. Alisimama mlangoni akaujaza, akamwita dada yake, na dada alipotokea na kile kisanamu, Kipaza alikielekezea kidole bila kukitazama.

"Akivunje. Mbele yangu na mbele yako. Akivunje kwa mkono wake."

"Sivunji kazi yangu kwa amri ya mtu," Koleo alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Kazi? Unaiita kazi?"

"Ungeijua kazi usingekanyaga ya mwenzio."

"Plastiki! Nilikanyaga plastiki, wewe umemkanyaga baba!" Sauti ya ghalani ilirudi, madirisha yakatetemeka, jirani akazima muziki ili asikie vizuri. "Nilisema mimi. Tangu siku ya kwanza nilisema. Mtu anayeishi chini ya ngazi hutazama watu kuanzia nyayo!"

Koleo aliinuka. Wakashikana mashati. Hawakuwa wapiganaji, walikuwa watu wazima wenye pumzi fupi, na ugomvi wao ulikuwa wa kusukumana kuelekea kabatini na kurudi, kila mmoja akikanyaga viatu vya mwenzake. Kikombe kilianguka. Kifungo kilitoka.

"Hakivunjwi!" Mama Kipusa alisema, na kwa jinsi alivyosema, waliachiana. "Wewe hukivunji, na wewe huamuru kivunjwe. Ni baba yangu. Atakaa kwangu. Kaka, nenda nyumbani. Na wewe," alimgeukia mumewe, "nataka wembe wako, drili yako, na ule udongo."

Koleo alicheka kwa kejeli. "Vya nini? Huwezi."

"Nasuka nywele nyembamba kuliko waya wako tangu sijakujua. Leta."

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kugusa vifaa vya Koleo. Kipusa mdogo aliwahi kuchezea kibano, akachapwa. Lakini alivileta, akavitupa mezani kwa kelele, akaketi mkabala ili aone akishindwa.

Hakushindwa, ila pia hakuweza. Alianza kwa kuukata mguu uliokuwa ukielea, na wembe ukaenda kombo ukachukua kipande cha nyonga. Udongo aliukanda vibaya, buluu ikazidi, ukawa unanata kwenye vidole. Koleo aliona kila kosa kabla halijafanyika. Mikono yake ilimwasha. Mkewe alipoanza kutoboa goti kwa pembe isiyo sahihi hakuweza kuvumilia, akanyoosha mkono.

"Ukigusa nakuchoma na hii sindano," Mama Kipusa alisema bila kuinua macho. "Wallahi nakuchoma."

"Unaliharibu goti."

"Ni goti la baba yangu."

Akarudisha mkono. Jioni zilizofuata ziliendelea hivyo. Mke akirudi kutoka saluni, akinawa, akiketi na taa, na mume mkabala naye, ananung'unika, anavuta pumzi kwa meno, anatazama pembeni. Kidogo kidogo yule mtoro akaacha kukimbia. Alikalishwa kwenye kigoda kilichotengenezwa kwa kifuniko cha chupa ya mafuta ya nywele. Mkono wa kushoto ukaondolewa kiunoni, ukalazwa pajani. Pengo lilizibwa, mdomo ukafungwa. Miguuni Mama Kipusa alimvisha viatu, vyote viwili, na alivipaka rangi nyeusi kwa brashi ya kope, akirudia hadi vikang'aa.

"Nipe tupa," alisema jioni moja. Alikuwa akilainisha kigoda.

Koleo akamsogezea ile iliyokuwa karibu.

"Siyo hii. Ile ndogo."

Akaitafuta ndogo kwenye mkebe, akaifuta kwa shati lake, akampa. Mkewe hakumwambia asante. Alilainisha, akapuliza vumbi, akaendelea, na Koleo akajiona amekaa wima kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

"Siku ile koridoni," alijaribu kusema, "Mzee alinipiga ngumi hapa, kifuani. Aliniambia—"

"Sitaki kusikia kutoka kwako," Mama Kipusa alimkata. "Ulikuwa na muda wote huu wa kunieleza. Umeamua kuieleza meza ya watu."

Kazi ilipokauka alimweka baba yake kwenye rafu ya sebuleni, kando ya picha ya mahafali ya Kipusa, akamwita kaka yake. Kipaza alikuja amevaa shati safi. Alimpita Koleo mlangoni kama anayepita nguzo ya umeme, akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akainama, mikono ameiweka nyuma.

Koleo alikwenda jikoni. Alikaa kwenye meza ndogo aliyohamishiwa na sanduku lake, akamtoa askari mpya kwenye boksi. Kule chumba cha nyuma cha duka hakuwa amerudi. Mwalimu alimtumia salamu kwamba watu wangependa apumzike kidogo, naye alijibu kwa maneno yasiyofaa kumfikia mwalimu. Sasa alikuwa akigeuza askari ambao hawakuwa na vita vya kwenda.

Nyuma ya ukuta alisikia mazungumzo ya ndugu wawili.  Kwanza pua ikipengwa.

"Viatu umevipatia," Kipaza alisema, kwa sauti yake ya chini. "Baba na viatu vyake."

"Si unakumbuka? Alikuwa akituita tujione nyuso humo viatuni."

"Nakumbuka." Viatu vyake vikasogea sakafuni. "Ila dada, goti hili."

"Lina nini?"

"Limekuwa kama nazi."

"Ondoka hapa!" Na Mama Kipusa akacheka, kicheko chenye machozi ndani yake, na kaka yake akacheka naye, mkubwa, wa ghalani, hadi vikombe vikalia kwenye rafu.

Koleo alikuwa ameshika tupa. Goti lile lilitaka kuguswa mara tatu tu, mbili pembeni na moja juu, lingekuwa goti. Alikaa akisubiri aitwe. Walizungumza habari za Mzee, za nyumba ya zamani, za mbwa aliyekuwa akiogopa mvua, jua likahama kutoka dirishani hadi sakafuni, wala hakuna aliyelitaja jina lake. Akamshika yule askari mpya kiunoni, akaweka wembe shingoni mwake, akakata.